Mali Bila Daftari: Kanda za Video za Nyumbani na Hatima ya Michezo ya Runinga

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Aghalabu methali hii huelekezwa kwa mwenye duka asiyeweka hesabu. Makala haya yanaitoa dukani na kuileta sebuleni, mbele ya runinga. Yananuia kufafanua jambo moja: kwamba mchezo wa runinga, hata upendwe kiasi gani, huwa matini ya kuhakikiwa pale tu ambapo mtu fulani ameuhifadhi, na kwamba mara nyingi mtu huyo si shirika lililoutangaza, bali ni mtazamaji wa kawaida mwenye mazoea yake na sanduku lake la kanda.

Kilichonisukuma kulishughulikia suala hili ni sanduku la aina hiyo. Shangazi yangu, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi mjini Nakuru, alikuwa na mazoea ambayo sisi watoto tuliyaona kuwa udhia. Saa ya mchezo wa Kiswahili ilipofika, hakuna aliyeruhusiwa kuigusa mashine ya video, yaani deki kama tulivyoiita. Alitia kanda, akabonyeza kitufe cha kunasia, akaketi kutazama. Mchezo ulipokwisha aliandika jina lake mgongoni mwa kanda na kuongeza neno moja kwa herufi kubwa: USIFUTE. Nilipomwendea hivi karibuni kuzitafuta kanda hizo kwa ajili ya utafiti, nilikuta 23 zimesalia. Zilizokubali kuchezwa zilikuwa 9.

Mazoea ya kutazama na umiliki wa kanda

Katika miaka ya mwanzo ya televisheni, mtazamaji hakuwa na mamlaka yoyote juu ya kile alichokitazama. Kipindi kilipita kama upepo; aliyekuwa jikoni au safarini alisimuliwa tu. Hapa nchini televisheni ilianza mwaka wa 1962, na kwa muda mrefu ratiba ya shirika la utangazaji, lililojulikana kama Sauti ya Kenya kuanzia 1964 na kurejelea jina la Shirika la Utangazaji la Kenya mwaka wa 1989, ndiyo iliyoamua familia ziketi lini mbele ya kioo.

Kanda za video za nyumbani zilibadilisha uhusiano huo. Kampuni ya Sony ilitoa mfumo wa Betamax mwaka wa 1975, nayo JVC ikatoa mfumo wa VHS mwaka uliofuata. Kwa mara ya kwanza mtu wa kawaida aliweza kukinasa kipindi na kukitazama wakati wake. Makampuni mawili ya filamu ya Marekani, Universal na Disney, yaliishtaki Sony yakidai kuwa unasaji huo ni wizi wa hakimiliki. Mwaka wa 1984 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua, kwa kura 5 dhidi ya 4, kuwa kunasa kipindi nyumbani ili kukitazama baadaye si kosa. Majaji walikuwa wakifikiria urahisi wa mtazamaji. Suala la hifadhi ya utamaduni halikuwa kiini cha kesi hiyo, ijapokuwa ndilo ambalo miaka iliyofuata ililileta mbele.

Ni muhimu hapa kutofautisha aina mbili za kanda. Ipo kanda iliyonunuliwa ikiwa na filamu ndani yake, ambayo nakala zake ni maelfu. Hiyo ikipotea, nyingine itapatikana. Ipo pia kanda tupu iliyojazwa na mwenye nyumba kutoka hewani. Hii huenda ikawa nakala pekee ulimwenguni ya kile kilichomo. Thamani yake haionekani kwa macho, maana zote mbili zinafanana.

Sababu za matangazo kupotea

Msomaji anaweza kuuliza: je, wenyewe waliotangaza hawana? Swali hili ni la haki, na jibu lake limo katika historia ya mashirika tajiri kuliko yetu. Shirika la BBC la Uingereza liliendelea kufuta kanda za vipindi vyake hadi mwishoni mwa miaka ya 1970. Sababu zilikuwa za kawaida kabisa. Kanda za video za enzi hiyo zilikuwa ghali na ziliweza kutumiwa tena. Mikataba na waigizaji iliwekea mipaka marudio ya vipindi. Na ujio wa televisheni ya rangi uliifanya michezo ya rangi nyeusi na nyeupe ionekane haina soko tena. Hivyo vipindi vingi vya Doctor Who, mchezo ulioanza mwaka wa 1963, vikafutwa.

Yaliyotokea baadaye yana funzo kwetu. Mwaka wa 2013 ilitangazwa kuwa vipindi 9 vya mchezo huo vilivyodhaniwa kupotea vimepatikana katika kituo cha kurushia matangazo mjini Jos, Nigeria, mahali ambapo nakala za filamu zilikuwa zimepelekwa kwa ajili ya kuonyeshwa na zikabaki. Fauka ya hayo, sauti za vipindi vyote vilivyopotea zipo. Hazikuhifadhiwa na shirika. Zilinaswa na watazamaji, wengine wakiwa vijana wa shule, walioweka vinasa sauti karibu na runinga zao wakati mchezo ukiendelea. Picha zimetoweka, lakini mazungumzo ya wahusika yamesalimika kwa sababu ya mazoea ya watu wachache ambao majirani zao huenda waliwacheka.

Hata tukio kubwa kama kutua kwa binadamu mwezini mnamo Julai 1969 halikuepuka hatari hii. Shirika la anga la Marekani, NASA, lilieleza mwaka wa 2009 kuwa kanda za awali zilizobeba ishara za picha za tukio hilo huenda zilifutwa na kutumiwa tena. Picha zilizosafishwa upya zilitokana na nakala za vituo vya utangazaji. Ikiwa mwezi ulifutwa, mchezo wa nusu saa wa kuchekesha una kinga gani?

Ufutaji huu haukutokana na uovu. Shirika la utangazaji huishi kwa kipindi cha kesho, na kanda ya jana huhesabiwa kuwa kifaa. Hata pale maktaba ya vipindi inapokuwepo, aghalabu imejengwa kwa mahitaji ya watangazaji, si kwa mahitaji ya msomi anayetaka kulinganisha Kiswahili cha 1985 na cha 1995. Ndiyo maana Ufaransa iliona haja ya kutunga sheria mwaka wa 1992 iliyopanua wajibu wa kuwasilisha nakala, uliokuwa ukivihusu vitabu kwa karne kadhaa, ili uyahusu pia matangazo ya redio na televisheni. Sheria hiyo iliyatambua matangazo kuwa sehemu ya maandiko ya taifa.

Kisa cha Marion Stokes

Hakuna mfano unaodhihirisha nafasi ya mtazamaji binafsi kuliko ule wa Marion Stokes wa mji wa Philadelphia, Marekani. Mama huyu, aliyezaliwa mwaka wa 1929, alikuwa mkutubi na mwanaharakati wa haki za kiraia. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alishiriki katika kutayarisha kipindi cha mijadala katika kituo cha televisheni cha mji wake. Aliijua runinga kutoka pande zote mbili za kioo.

Stokes alianza kunasa vipindi katika miaka ya 1970. Mwaka wa 1979, wafanyakazi wa ubalozi wa Marekani mjini Tehran waliposhikwa mateka, alianza kunasa habari usiku na mchana, na hakuacha hadi alipofariki mnamo Desemba 2012. Alitumia mashine kadhaa kwa wakati mmoja, kila moja ikifuata kituo chake. Kanda zilihitaji kubadilishwa kila baada ya takribani saa 6, na maisha ya nyumba nzima yakapangwa kwa saa hizo. Familia ikitoka kwenda kula, ililazimika kurudi kabla ya kanda kwisha. Aliacha takribani kanda 70,000 za VHS na Betamax, zikiwa zimejaa katika nyumba kadhaa.

Alipokuwa hai, wengi waliomjua waliiona tabia hii kuwa wazimu wa ukusanyaji, na haifai kuficha kuwa iliigharimu familia yake. Hata hivyo, palikuwa na hoja nyuma yake. Aliamini kuwa namna habari inavyotangazwa kwa mara ya kwanza, kabla ya wakubwa kuisawazisha, ni ushahidi ambao umma una haki nao. Mwaka wa 2013 mwanawe alizitoa kanda hizo kwa Internet Archive, hifadhi ya kidijitali yenye makao yake San Francisco, na mwaka wa 2019 ikatolewa filamu ya hali halisi kuhusu maisha yake iitwayo Recorder, iliyoongozwa na Matt Wolf.

Mambo mawili yanastahili kuzingatiwa katika kisa hiki. Kwanza, Stokes hakuchagua. Alinasa habari pamoja na matangazo ya biashara, utabiri wa hali ya hewa na makosa ya wasomaji. Yale ambayo mteuzi makini angeyaacha ndiyo ambayo mtafiti wa lugha anayatafuta leo. Pili, alikuwa mkutubi. Kanda bila maelezo ya tarehe na kituo ni kama kitabu kisicho na jalada. Kinasomeka, lakini hakitajiki.

Jinsi kanda inavyofanya kazi na inavyokufa

Ili tuelewe uharaka wa suala hili, hatuna budi kuielewa kanda yenyewe. Ndani ya kijaluba cha plastiki mna utepe wenye upana usiozidi milimita 13. Utepe huo una tabaka la msingi la plastiki, na juu yake chembechembe ndogo mno za madini yenye sumaku zilizoshikanishwa kwa gundi. Mashine inaponasa, silinda yenye vichwa vya sumaku huzunguka mara 1,500 kwa dakika, katika mfumo wa PAL uliotumika Kenya, na kuchora mistari ya mshazari juu ya utepe. Kila mstari ni nusu ya picha moja. Mashine inapocheza, husoma mistari ileile.

Kifo cha kanda huja kwa njia tatu. Njia ya kwanza ni unyevu. Gundi hunyonya maji kutoka hewani na kuvunjika polepole; utepe huanza kunata, na chembechembe hubanduka na kuziba vichwa vya mashine. Kwa wenzetu wa mwambao, ambako joto na unyevu havina likizo, hatari hii ni kubwa zaidi. Ukungu nao hupenda mazingira hayohayo. Katika sanduku la shangazi, kanda 6 zilikuwa na unga mweupe kando ya utepe, na hizo sikuthubutu kuzitia katika mashine, kwani kanda moja yenye ukungu huzichafua zote zinazoifuata.

Njia ya pili ni kutoweka kwa mashine. Funai ya Japani, kampuni ya mwisho iliyojulikana kuunda mashine za VHS, iliacha kazi hiyo mwaka wa 2016. Mwaka huohuo Sony iliacha kuuza kanda za Betamax. Mnamo 2019 UNESCO na chama cha kimataifa cha wahifadhi wa sauti na picha, IASA, walitoa tahadhari kuhusu kanda za sumaku za kila aina, wakiutaja mwaka wa 2025 kuwa kikomo cha kukadiriwa, ambacho baada yake ingekuwa vigumu kuzichezesha kwa wingi. Kanda inaweza kuwa nzima na bado ikawa bubu kwa kukosa wa kuisomesha.

Njia ya tatu ni mkono wa binadamu, na hapa sina budi kukiri. Mgongoni mwa kanda ya VHS pana kijino kidogo cha plastiki. Kikivunjwa, mashine hukataa kunasa kitu kipya juu ya kilichomo. Shangazi alivivunja vijino vyote. Lakini kila mtoto wa miaka ile alijua kuwa tundu linaloachwa likizibwa kwa selotepu, mashine hudanganyika. Miongoni mwa kanda 9 zilizocheza, moja iliandikwa kuwa ina Vitimbi. Nilipoitazama nilikuta katuni za Jumamosi asubuhi, moja baada ya nyingine, kisha dakika 4 za mwisho za mchezo wenyewe: wahusika wanaagana mlangoni, na majina ya waigizaji yanapita. Tundu lilikuwa limezibwa. Nilikuwa na umri wa miaka saba, na selotepu hiyo niliibandika mimi.

Umuhimu wa kanda kwa taaluma ya Kiswahili

Pengine kuna atakayesema kuwa tunaomboleza vichekesho. Tukichunguza kwa makini tutaona kuwa kilichomo katika kanda hizi ni data ambayo vitabu havina.

Chukua Vitimbi. Marehemu Benson Wanjau, aliyefariki mwaka wa 2015, aliigiza uhusika wa Mzee Ojwang' kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo ingawa hakuwa Mjaluo. Mtafiti wa isimujamii ana maswali mengi hapa. Ni sauti zipi alizozibadilisha ili hadhira iitambue lafudhi hiyo? Hadhira ilicheka wapi? Je, mama mwenye nyumba, Mama Kayai, alimjibu kwa Kiswahili cha aina gani? Mswada wa mchezo, hata ukipatikana, hauwezi kujibu, maana lafudhi, kituo na mtupo wa jicho havikuandikwa. Vilevile Vioja Mahakamani uliwapa Wakenya wengi mfano wa kwanza wa sajili ya mahakama kwa Kiswahili, ukiwa umechanganywa na kichekesho. Sisi tunaofunza sajili hiyo madarasani hutunga mifano yetu vichwani, ilhali mifano iliyotamkwa mbele ya taifa zima ilikuwepo.

Isitoshe, mchezo wa runinga unatatiza mipaka tuliyoizoea baina ya fasihi simulizi na fasihi andishi. Walter Ong, katika kitabu chake cha 1982 kuhusu usimulizi na uandishi, alieleza kuwa redio na televisheni zimezaa usimulizi wa pili, ambao unategemea maandishi lakini unaishi kwa sauti. Katika usimulizi wa awali, hadithi ilidumu kwa kuwa fanani aliirudia na wajukuu wakairithi. Katika fasihi andishi, hudumu kwa kuwa imechapishwa. Usimulizi wa pili hauna hifadhi yoyote kati ya hizo mbili. Hakuna bibi anayeusimulia jioni, wala hakuna mchapishaji aliyeupiga chapa. Kilichopo ni kanda. Kwa msingi huo, mwenye kanda ndiye anayekaa katika nafasi ya fanani na ya mchapishaji kwa pamoja, hata kama yeye mwenyewe hajui.

Hatua zinazowezekana

Mwanafunzi wa Kiswahili hahitaji kusubiri taasisi kubwa ili aanze. Mambo yafuatayo yamo ndani ya uwezo wake.

Kwanza, aulize nyumbani. Walimu wastaafu, waliokuwa wenye vibanda vya video, na jamaa waliokuwa na mazoea ya kunasa wana masanduku chini ya vitanda. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hapa methali hiyo haihitaji tafsiri.

Pili, kanda zisimamishwe wima kama vitabu, mahali pakavu pasipo na jua, mbali na spika na mota ambazo zina sumaku. Yenye ukungu itengwe na isichezwe hadi isafishwe na mjuzi. Yenye kijino ivunjwe kijino leo, na pasiwe na selotepu karibu.

Tatu, kanda inapokubali kuchezwa, ihamishiwe kwenye kompyuta kwa kifaa cha kubadilishia mawimbi, na nakala mbili zihifadhiwe mahali pawili tofauti. Ni busara kuichukulia kila kanda kuukuu kana kwamba itacheza mara moja tu. Kifaa kiwe tayari kabla ya kitufe kubonyezwa.

Nne, daftari liandikwe: jina la kipindi, tarehe au mwaka unaokadiriwa, kituo, aliyenasa, na yote yaliyomo, pamoja na matangazo ya biashara. Baada ya hapo unukuzi uanze. Unukuzi wa nusu saa ya mazungumzo ni kazi ya siku kadhaa, na kikundi cha wanafunzi watano kinaweza kuigawana. Kuhusu sheria, Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inatambua matumizi ya haki kwa ajili ya utafiti, matumizi ya kibinafsi na uhakiki, mradi chanzo kitajwe. Haitoi ruhusa ya kuuza wala kusambaza nakala. Mhifadhi asijifanye mwenye mali.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kuwa mazoea ya mtu mmoja mbele ya runinga yanaweza kuokoa kile ambacho mashirika yamekipoteza, na kwamba muda wa kukiokoa unakwisha pamoja na gundi ya kanda na mashine za kuichezesha. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vimekuwa hodari wa kukusanya methali, vitendawili na ngano kutoka kwa wazee. Ni wakati wa kuwauliza wazee haohao kuhusu kanda.

Nilipomaliza kazi ya sanduku lile nilimweleza shangazi kuhusu katuni. Nilitarajia anilaumu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, mimi nilinasa ili wanafunzi wangu wa darasa la sita wasikie Kiswahili kikisemwa na watu. Sikudhani kuna siku yangu itatafutwa. Nilijua wenyewe wanazo."

Naam, sote tulijua wenyewe wanazo. Kanda 8 zimebaki na michezo yake, na unukuzi wa ya kwanza umekamilika. Ile ya tisa nimeihamisha pia, katuni na zote, kwa ajili ya zile dakika 4.